Fingo, kisima na kigae: maneno ya nyanya kuhusu magofu ya Gede

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Gede, pwani ya Kenya karibu na Malindi, kwa sasa nafanya kazi Nairobi. Tulipokuwa wadogo, nyanya alitukataza kuokota hata jiwe kule magofuni. Alisema mji ule una wenyewe, na kwamba wenyewe walizika kitu mlangoni kinachompoteza akili mtu mbaya. Shuleni tukaambiwa mji ulijengwa na Waarabu, na maneno ya wazee ni ushirikina. Kaka yake nyanya, sasa ni marehemu, alikuwa kibarua wa yule Mzungu aliyechimba. Nyanya amezeeka sana, na wadogo zangu wanayaona magofu kama mahali pa kupigia picha na kulisha kima. Je, hadithi za nyanya zina maana yoyote kwa mtaalamu? Kama zinayo, nizihifadhi vipi? Na nikiri jambo moja: nina kigae cha kaure nilichokiokota kule tukiwa darasa la sita. Bado ninacho."

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na hicho kilichozikwa mlangoni, kwa kuwa hapo nyanya yako alijua jambo ambalo shule haikukwambia.

James Kirkman, mwanaakiolojia, ndiye yule Mzungu uliyemtaja; alichimba Gede kuanzia 1948 hadi 1958. Katika kazi ile vilipatikana vyungu vilivyofukiwa ardhini kwa makusudi. Havikuwa vyungu vya jikoni vilivyovunjika vikatupwa jaani. Mgeni asiye na wa kumweleza angeandika tu daftarini kwamba kimepatikana chungu, akaendelea na kazi. Lakini watu wa pale walikuwa na jina la kitu kile: fingo. Fingo huzikwa ili lilinde nyumba au mji, na anayeingia na nia mbaya hurukwa na akili. Maelezo hayo yakaingia katika habari za Gede, na mpaka leo mtembezaji atakusimamisha akueleze habari za fingo na jini wake.

Sasa tazama jambo hili kwa makini. Mji ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Kirkman alikuja zaidi ya miaka 300 baadaye. Katikati hapo hapakuwa na kitabu kilichoandikwa kueleza fingo la Gede. Waliolijua ni watu waliokuwa bado wanalitumia. Ukienda kwenye kaya za Wamijikenda, ile misitu mitakatifu iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, utaambiwa kwamba fingo lililozikwa ndilo moyo wa kaya. Kwa hiyo nyanya yako aliposema "walizika kitu mlangoni", hakuwa akitunga hadithi ya kuwatisha watoto. Alikuwa akieleza desturi ambayo mchimbaji aliikuta chini ya udongo. Bila watu kama yeye, chungu kile kingebaki chungu tu.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali lako la kwanza, na sitalificha nyuma ya maneno mengi: hadithi za nyanya ni ushahidi. Ila kila ushahidi una mambo unayoyajua na mambo usiyoyajua, na kazi yetu ni kuuliza kila mmoja juu ya yale anayoyajua.

Tuchukue la Waarabu. Mwalimu wako hakulibuni. Hata ripoti ya Kirkman ya mwaka 1954 kuhusu Msikiti Mkuu iliuita Gede mji wa Waarabu tangu kwenye jalada. Ndivyo wasomi wengi wa wakati huo walivyofikiri: palipo na nyumba ya mawe, lazima mgeni alikuja kuijenga. Uchunguzi wa baadaye, Gede kwenyewe na katika miji mingine ya pwani, umeligeuza wazo hilo. Msingi wa mji ni wa karne ya 11 au ya 12, mapema kuliko Kirkman alivyodhani. Mawe ni ya matumbawe ya hapa hapa, chokaa imechomwa hapa, dari zilibebwa na boriti za mikoko. Vigae vingi kabisa vinavyotoka ardhini si vya kaure ya Uchina. Ni vya vyungu vya udongo vilivyofinyangwa pwani hii. Na yale makaburi yenye nguzo ndefu ni mtindo wa Waswahili wenyewe. Utayaona kuanzia huko Lamu hadi Kaole, Bagamoyo. Ukipita tena Msikiti Mkuu, tazama juu ya tao la mlango wa upande wa mashariki. Pamechongwa mkuki. Mimi kila nikiuona mkuki ule mlangoni mwa msikiti hujiambia kwamba aliyeuchonga alikuwa Mwislamu na alikuwa mtu wa bara hili, na hakuona mgongano wowote.

Sisemi hapakuwa na damu ya ng'ambo. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, kutokana na mifupa ya makaburi ya miji kama Mtwapa na Manda, ulionyesha kwamba damu ya Kiafrika na ya Kiajemi ilianza kuchanganyika pwani tangu karibu mwaka 1000. Watu walioana. Lakini kuoana na wageni ni jambo moja, na kujengewa mji na wageni ni jambo jingine.

Nyanya alikwambia nani aliujenga? Swali lako halisemi. Nadhani alisema "wenyewe" tu, au "watu wa kale". Hapo ndipo mwisho wa kumbukumbu yake, na si aibu. Yapo mambo ambayo udongo pekee ndio ulioyatunza. Kuna kaburi pale lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia. Hakuna mzee aliyebeba tarehe hiyo kichwani. Nyumba zile ulizozitembelea na darasa lako, Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kauri, hayo si majina ya wenye nyumba. Ni majina ziliyopewa na wachimbaji kwa vitu vilivyookotwa ndani. Majina ya waliolala mle yamepotea. Jambo hilo hunisikitisha kila ninapopita, maana nyumba zenyewe zinawaonyesha watu waangalifu mno: vyoo vya ndani vyenye mahali pa kutawadhia, na ghala zisizo na mlango, ambazo uliziingia kwa tundu la juu ya ukuta ukitumia ngazi. Mtu wa namna hiyo alikuwa na jina, na watoto waliomwogopa.

Kuhusu kuondoka kwao, hapa kumbukumbu na uchimbaji vinakutana nusu njia. Wazee wengi wa upande wa Malindi hutaja Wagala, wafugaji kutoka kaskazini, ambao leo tunawaita kwa jina lao wenyewe, Waoromo. Jina Gede lenyewe hufasiriwa kuwa neno la Kioromo, lenye maana ya kitu cha thamani. Ikiwa ndivyo, jina tunaloliita mji huu tulipewa na watu waliofika ukielekea kufa au ulipokwisha kufa. Hiyo ni kumbukumbu kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa inakwambia nani alikuwa akipita pale katika karne ya 17.

Lakini Waoromo hawakuwa sababu pekee. Mwaka 1589 Wazimba, wapiganaji kutoka kusini, walipita pwani wakifanya maangamizi, wakazuiwa Malindi kwa msaada wa Wasegeju, kabila la pwani. Mwaka 1593 Wareno walihamishia makao yao Mombasa, na ukoo wa kifalme wa Malindi ukaenda nao. Soko lililoilisha Gede likasogea kusini. Halafu kuna maji. Gede haina mto. Iko juu ya matumbawe, kama kilomita 6 kutoka baharini, na ilitegemea visima. Kisima cha kando ya Msikiti Mkuu kilichimbwa tena kwenda chini zaidi, dalili kwamba maji yalikuwa yakishuka. Ukiniuliza mimi, nakipa kisima uzito zaidi kuliko upanga. Watu waliofukuzwa na vita hurudi vita vikiisha; mahali pasipo maji harudi mtu. Kwa hiyo muulize nyanya habari za maji, nitalirudia hilo.

Jambo moja la ajabu kabla sijaendelea. Wareno waliishi Malindi, umbali wa kilomita 16 hivi, kwa sehemu kubwa ya karne ya 16, baada ya Vasco da Gama kutia nanga mwaka 1498. Waliandika sana. Lakini Gede hatuikuti katika maandishi yao kwa jina hilo. Mji wenye ukuta unaozunguka eka 45, wenye jumba la mfalme na misikiti kadhaa, na jirani anayeandika kila kitu hautaji! Ndiyo maana simwamini mtu anayeniambia kwamba kisichoandikwa hakikuwapo.

Tuje sasa kwenye wakati ambao nyanya yako ndiye mtaalamu kuliko mimi.

Vitabu husema mji uliachwa, kisha Sir John Kirk, mwakilishi wa Uingereza huko Zanzibar, akautembelea mwaka 1884, kisha ukalindwa kisheria 1927, kisha ukawa hifadhi ya taifa mwaka 1948. Kati ya kuachwa na 1884 huwekwa neno moja: msitu. Kana kwamba kwa zaidi ya karne mbili hapakuwa na mtu. Watu walikuwapo. Walipita na mbuzi, walichimba dawa mizizini, walijua mbuyu upi una nyuki. Walikuwa na mahali pa kuweka ubani, maji ya marashi na sadaka, na wengine wanapo hadi leo. Waliuita mji ule wa wazee wa kale, na walisema wazee hao bado wanatazama.

Kirkman naye, mwanamume wa vipimo na kamba, aliandika kwamba alipoanza kazi Gede alihisi kuna kitu au mtu anayemtazama kutoka nyuma ya kuta. Hakuwa adui wala rafiki, alikuwa anangoja tu. Simtaji ili nikuthibitishie mizimu. Namtaja kwa kuwa yeye aliruhusiwa kuandika hisia yake kwa heshima, na nyanya yako akisema jambo lile lile huitwa mshirikina. Hilo halikuwa haki.

Tena kuna faida ya hofu ile ambayo haisemwi vya kutosha. Mawe ya matumbawe ni mali. Ukiyachoma unapata chokaa, ukiyachukua unajenga nyumba. Miji mingi ya kale ya pwani imeliwa hivyo, ukuta baada ya ukuta, na hakuna aliyeona vibaya. Gede imesimama. Unene wa msitu ulisaidia, ndiyo, na umbali kutoka baharini pia. Lakini msitu huo ulibaki mnene kwa sababu gani? Mimi naamini makatazo ya watu kama nyanya yako yalifanya kazi ya askari wa hifadhi kwa vizazi, bila mshahara. Linganisha na wageni waliofika mwanzoni mwa karne ya 20: baadhi yao walizibandua kaure zilizopambia kuta, wakaondoka nazo. Hao hawakuwa wamelelewa na nyanya wa Gede.

Na sasa mjomba wako, nikimwita hivyo yule kaka yake nyanya. Ningekuwa na saa moja tu na bibi huyo, ningeitumia yote kwa habari zake.

Uchimbaji wa miaka 10 haufanywi na mtu mmoja. Udongo ulitolewa kwa majembe na makarai na watu wa vijiji vya jirani. Wao ndio waliokuwa wa kwanza kuiona sakafu ya jumba la mfalme baada ya miaka 300. Wao ndio waliojua kwa mkono kwamba hapa udongo ni laini na pale umeshindiliwa. Wao pia walishiriki kusimamisha upya kuta zilizokuwa zimelala. Katika ripoti wanatokea kama vibarua. Mtu aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1950 leo amekwisha pita 90. Unaona mwenyewe muda uliobaki. Nyanya yako anaweza kukumbuka kaka yake alirudi nyumbani na habari gani jioni, alilipwaje, aliogopa nini siku ya kwanza, nani alikataa kufanya kazi upande fulani na kwa nini. Anaweza kujua kama kabla ya kuanza kuchimba wazee walitoa sadaka ya kuomba ruhusa. Na kuna maswali ya kitaalamu kabisa: udongo uliotolewa ulimwagwa wapi? Ukuta upi ulijengwa upya, na upi ulikutwa umesimama? Mtafiti wa leo anayepima kuta zile angefurahi kupata majibu hayo, kwa kuwa yanamsaidia asichukulie kazi ya fundi wa 1950 kuwa ya fundi wa 1450.

Umeniuliza uhifadhi vipi. Usimketishe nyanya kitini na kumwelekezea simu usoni. Mzee akiona anahojiwa atakupa yale anayodhani unataka kusikia, na nusu yake atakuwa ameyasikia redioni. Kama bado ana nguvu ya kutembea, nenda naye magofuni asubuhi mapema kabla ya mabasi ya shule, washa kinasa sauti cha simu, kiweke mfukoni akijua kuwa kipo, kisha mwache aongoze yeye. Mguu hukumbuka. Akifika penye mkwaju fulani atasema "hapa ndipo tulipokatazwa", na hapo umepata jambo lenye mahali pake. Piga picha ya mahali hapo. Kama hawezi kutembea, mpelekee picha za kila jengo umpitishe moja moja.

Azungumze Kigiriama kama ndiyo lugha ya moyo wake. Usimtafsirie papo hapo. Maneno ya miti, ya vyombo, ya aina za pepo na koma, yaani roho za wazee waliokufa, hayana mwenzake kamili katika Kiswahili cha shuleni, na ukiyatafsiri unayapoteza. Andika neno lenyewe kwanza, maelezo baadaye.

Kwa kila jambo kubwa, muulize: "Hili ulilisikia kwa nani?" Swali hili ndilo linalotenganisha simulizi na uvumi. Akisema "kwa mama, naye kwa mama yake", umerudi karibu miaka 100. Akisema "kwa yule kijana wa watalii", si kosa, ila unajua uliweke fungu gani. Usimpinge. Akikwambia jambo unalojua si sahihi, liandike vile vile alivyosema. Kosa nalo lina historia yake, na huenda miaka 20 ijayo mtu akagundua halikuwa kosa.

Muulize kuhusu maji. Kabla ya bomba walichota wapi? Kisima gani kilikuwa cha chumvi, kipi kilikauka kiangazi, kipi watu hawakunywa? Maneno hayo ya kawaida kabisa, yakikusanywa kwa bibi 10 wa vijiji vinavyoizunguka Gede, yatatusaidia kulielewa lile swali la kwa nini mji ulihamwa kuliko hadithi 100 za vita.

Na kuna mambo atakayokwambia usiyarekodi. Mahali hasa pa sadaka, jina la mganga, maneno yanayosemwa wakati wa kuomba. Usiyarekodi. Mwulize waziwazi lipi ni la nyumbani na lipi ni la watu wote, na uliandike jibu lake. Tangu Julai 2024 Gede nayo iko katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Wageni wataongezeka, na mahali pa sadaka palipotangazwa mtandaoni patakuwa mahali pa kupigia picha ndani ya mwezi mmoja. Nakala mbili za ulichorekodi zibaki kwenu, katika vyombo viwili tofauti. Ya tatu, kwa ruhusa yake, ipeleke kwa wasimamizi wa magofu, walio chini ya Makavazi ya Taifa ya Kenya, ikiwa na jina lake kama anataka jina lake liwepo. Wengi hutaka. Kwa miaka mingi hawakuulizwa.

Wadogo zako usiwagombeze sana juu ya kima. Waambie tu kwamba kima anayelishwa ndizi na watalii hujifunza kunyang'anya. Kisha wape kazi: mmoja ashike kinasa, mwingine apige picha. Kijana akisikia kwamba mjomba wa ukoo wake ndiye aliyefukua ukuta ule, hauoni tena kama pambo.

Sasa kigae chako. Nashukuru umekiri, maana wengi hukaa nacho mpaka kifo, na warithi hukitupa na takataka. Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006 hairuhusu mtu kuondoa kitu cha kale mahali pake, lakini ulikuwa mtoto, na sijui msimamizi wa magofu ambaye hatakipokea kwa furaha. Thamani yake si ya pesa. Kigae cha kaure kilichoko kwenye droo Nairobi hakisemi chochote. Kikijulikana kilitoka kwenye ua upi, karibu na ukuta upi, kinaweza kumwambia mtafiti nyumba ile ilikula kwa sahani gani na katika karne ipi. Kwa hiyo kabla hujakirudisha, kaa chini uandike kila unachokumbuka: ulikuwa umesimama wapi, kisima kilikuwa upande gani, kilikuwa juu ya ardhi au kimefunuliwa na mvua. Chora hata ramani mbovu.

Usikitume kwa basi. Kipeleke mwenyewe, na umchukue nyanya. Mweleze ukweli mkiwa bado nyumbani, kabla ya kutoka, kwamba ulikiokota licha ya katazo lake na unataka kukirudisha. Huenda akataka kusema maneno machache mkifika mlangoni. Mwache ayaseme, na umuulize kwanza kama kinasa kiwake au kizimwe.